Mtunza Ufunguo wa Geti la Nyuma

Jumatatu, 3 Februari 2025

Siku ya kwanza ya likizo na tayari nina kazi. Vidato sabini na viwili. Nimevihesabu mara tatu, kutoka mlango wetu wa ghorofa ya nne hadi chini. Mara ya tatu vilitoka sabini na kimoja. Nikashtuka, nikarudia. Sabini na viwili.

Chanzo ni video. Morgan wa ghorofa ya kwanza aliiweka kwenye kundi la wasapu la jengo: fleti inaungua mahali fulani, watu wamejazana madirishani. Akaweka na kikatuni cha kulia. Halafu, bila hata kuvuta pumzi, akauliza kama kuna mtu ana maji ya kumwazima. Hivi ndivyo watu wanavyoishi! Hapa Magongo, Changamwe, malori ya mafuta yanapita mbele yetu mchana kutwa, na mtu anawaza kufua.

Mimi si mwoga. Ni karani wa mizani kwenye yadi ya makontena, kazi yangu ni kujua uzito wa mambo. Na uzito wenyewe ni huu: mama mkwe yuko kwetu. Bi Mweri, mamake Jalila, alitoka Matuga wiki mbili zilizopita kuja kutibiwa magoti. Kupanda hizo ngazi zetu kunamchukua nusu saa. Kushuka ni zaidi. Jalila yuko kiwandani asubuhi hadi jioni. Mimi niko nyumbani. Jana aliniambia waziwazi: likitokea lolote mchana, Boga, mama yangu yuko mikononi mwako.

Mikononi! Hakupata neno jingine? Kwetu Wadigo mtu hamgusi mama mkwe. Hakai naye mkeka mmoja, haingii chumbani mwake. Akipita kwenye korido mimi hujibanza jikoni mpaka apite. Miaka tisa ya ndoa nimemsalimia kwa mbali, macho chini. Ukiniuliza ana sura gani nitakueleza vizuri viatu vyake.

Sasa moto ukiwaka, nimtoeje?

Jumanne, 4 Februari

Mpango wa kwanza: maelezo. Nimesimama nje ya pazia la chumba chake, hatua tatu nyuma, nikakohoa. Shikamoo mama. Marahaba baba. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba ningependa ajizoeze kutoka ndani ya nyumba hii kwa haraka, asichukue kitu chake chochote, na asigeuke nyuma.

Nikasikia kikapu kikivutwa. Halafu akajibu kwamba amesikia.

Niliporudi kutoka dukani mzigo ulikuwa umeshafungwa. Kikapu, msala, dawa za magoti, vyote mlangoni. Alikuwa amepiga simu Matuga kusema mkwe amemfukuza, tena amemkataza hata vitu vyake. Kufikia saa kumi nilikuwa nimepigiwa na wajomba wanne wa Jalila, pamoja na mtu mmoja wa Kinango ambaye mpaka sasa simjui. Huyo ndiye aliyenitukana vizuri kuliko wote.

Jalila hakuvua hata buibui. Aliniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia lilikuwa zoezi la usalama. Akasema usalama wa nani, maana wa ndoa yako haupo. Mzigo ukafunguliwa. Mimi nimekula wali na mchuzi mtupu, samaki wote wamekwenda chumbani kwa mama.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango wa pili: machela. Wazo lilinijia bafuni. Simbebi mama, nabeba kiti! Kiti cha plastiki, boriti mbili, kamba. Jirani yeyote atashika mbele, mimi nyuma, macho yangu chini kwenye vidato. Heshima imehifadhiwa na mama ametoka.

Kujaribu kulihitaji mzigo. Morgan alikubali kukaa kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Mueni wa ghorofa ya tatu, anayekaanga mahamri na ana mikono ya kukanda, akashika mbele. Tulikwenda vizuri ghorofa nzima. Kwenye kona ya Mueni tukakutana na mitungi ya maji ya Mueni. Kumi na moja, imepangwa ngazini kwa sababu mfereji ukitoa maji hutoa bila taarifa. Boriti ikagonga wa kwanza. Wa kwanza ukagonga wa pili. Morgan akatangulia kufika ghorofa ya pili, kiti kikamfuata.

Yuko salama. Ana michubuko na maneno mengi.

Hapo ndipo akatokea Kimani. Lazima atokee. Kimani wa ghorofa ya pili, mtu wa Murang'a, anafanya kazi kitengo cha usalama kwenye depo moja ya mafuta, na kile kizibao chake cha kung'aa hukivaa hata akienda kununua nyanya. Akaitazama machela. Akasema, "Buda, hii kitu ni poa, lakini kwanza toeni hizi mitungi." Kisha somo. Kwamba moshi huua kabla ya moto. Kwamba mtu atoke ameinama, kitambaa chenye maji puani, na afunge kila mlango nyuma yake ili moto usipate njia. Kwamba lile geti la nyuma liachwe wazi.

Buda! Yaani mzee! Mimi nina miaka arobaini na mbili!

Mueni alimsikiliza mdomo wazi. Mitungi hakuitoa, lakini alimsikiliza.

Jumamosi, 8 Februari

Mkutano wa wapangaji, uani, saa kumi. Nimevaa kofia ya Ijumaa.

Ngazi ya nyuma ni ya chuma, inashuka kutoka juu kabisa mpaka chini, na chini kuna ukuta na geti la nondo. Kimani alisimama akasema geti hilo lisitiwe kufuli kabisa, liwe na komeo la ndani basi. Aliongea dakika mbili. Alikuwa sahihi, jambo lililonikera sana.

Nikasimama mimi. Nikawakumbusha blanketi la Mueni lililotoweka kwenye kamba mwezi jana. Nikawakumbusha sufuria za ghorofa ya tano. Nikauliza, mwizi naye anangoja moto? Makofi! Mueni alipiga mpaka na mguu. Kimani akasema blanketi hununuliwa jingine. Hakuna aliyemsikia, maana nilikuwa nimeshafika kwenye pendekezo: kufuli libaki, tena lile kubwa jipya, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja tu, mwaminifu, anayeshinda nyumbani mchana. Watu wakaangaliana. Nani anashinda nyumbani mchana? Mimi nikatazama mawingu.

Nimechaguliwa! Mtunza Ufunguo wa Geti la Nyuma. Kimani aliuliza swali moja tu, na siku ambayo hupatikani? Nikamjibu niko likizo. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Ushindi mtupu. Ila nimerudi nyumbani nimeushika kwa mikono miwili. Ufunguo wenyewe ni mdogo sana.

Jumapili, 9 Februari

Ufunguo unanitesa. Mfukoni: mfuko umetoboka. Msumari ukutani: mwizi ataona. Kopo la sukari: sisimizi, kisha Jalila. Nimeuhamisha mara saba tangu alfajiri. Mara moja niliusahau mwenyewe, nikamwaga sukari yote mezani, kumbe uko ndani ya soksi, na soksi iko mguuni.

Jalila amechoka kunitazama. Akasema mpe mama. Kila kitu cha maana cha ukoo wao kimelala kwenye fundo la leso yake, kiunoni. Kitambulisho, karatasi ya kliniki, pete ya marehemu baba mkwe. Hakijapotea hata kipande cha uzi. Hata akioga, leso hutundikwa pale macho yake yanapofika.

Kwa nini sikuwaza mimi? Hakuna mwizi Changamwe nzima atakayethubutu. Jalila akaupeleka. Mama akatuma jibu kwamba ufunguo umefika na umefungwa mara mbili. Nimepata raha yangu ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumatano, 12 Februari

Zoezi la ghafla. Sikumwambia mtu, la sivyo lisingekuwa la ghafla. Lengo: kuona kama watu wanatoka kwa utaratibu, na kama huyu mtaalamu wetu ana lolote. Vifaa: makumbi ya nazi, sufuria kuukuu, maji kidogo ya kuongeza moshi. Mahali: kona ya ghorofa ya tatu. Saa tano asubuhi.

Moshi ulitoka wa kutosha. Wa kutosha mno. Nikapiga kelele, moto, moto, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Nikaanza kuogopa mwenyewe.

Matokeo. Mueni hakutoka kwa utaratibu, alitoka na ndoo. Kisha ndoo nyingine. Alinimwagia mimi, sufuria na vidato sita, maji ya wiki nzima. Morgan alishuka na televisheni kifuani. Kimani, ambaye alikuwa amelala baada ya zamu, alikuja ameinama, kitambaa chenye maji puani, anagonga kila mlango anaoupita. Akafika. Akanusa. Akainuka. Akaiona sufuria, akaniona mimi. Aliichukua sufuria akaenda nayo.

Na mama? Hakutoka kabisa! Jioni alimtuma Jalila aniambie kwamba moshi wa makumbi ameuvuta tangu kuzaliwa na anaujua, na mtu mzima akitaka kuchezea moto ashuke uani. Kwenye kundi la jengo wameapa kwamba siku nyingine nikipiga kelele hawainui hata kichwa.

Nimeandika ripoti. Walioshiriki: wengi. Walioumia: hakuna. Zoezi limefaulu.

Ijumaa, 14 Februari

Leo mfumo wa ufunguo umefanya kazi kwa mara ya kwanza. Naandika kwa fahari.

Mueni alitaka kutoa takataka kupitia nyuma. Akaja kwangu, ndiyo sheria. Mimi nikampigia Jalila kiwandani. Jalila akaomba ruhusa ya kushika simu, akampigia mama. Mama akafungua fundo. Mama akatoa ufunguo, akauweka kwenye sinia, akalisukuma sinia nje ya pazia kwa bakora. Mimi nikangoja arudi kitandani, ndipo nikauchukua. Dakika ishirini na tano tu, bila mtu kuvunjiwa heshima!

Mueni alisema takataka zimeanza kunuka upya. Sijui kwa nini watu hawaridhiki.

Kimani tulipishana ngazini. Aliuliza ufunguo unakaa wapi. Nikamwambia uko mahali salama kuliko benki. Akaniuliza tena, wapi? Nikamwambia hilo ni siri ya ofisi. Alinitazama kama vile mtu anavyotazama lori lililozidisha mzigo.

Jumapili, 16 Februari

Nimekaa uani juu ya mtungi, alasiri, nguo zinanuka moshi. Watu wote wako hai. Naanza na hilo kwa sababu bado siamini.

Ulikuwa moto. Moto wa kweli.

Morgan asubuhi alikuwa akipiga pasi shati la kanisani. Stima ikapotea. Akaondoka na shati lililonyooka upande mmoja, pasi akaiacha imelala kitandani, imechomekwa. Kiasi cha saa sita na nusu stima ikarudi. Jengo zima lilishangilia kama kawaida. Na mimi nilishangilia.

Jalila alikuwa Likoni harusini. Mimi nilikuwa sebuleni nachora ramani ya njia za kutokea, kwa rangi tatu. Nikanusa kitu. Nikadhani ni mahamri. Kisha nikamsikia Mueni mwenyewe akipiga ukelele, ule usio na mzaha. Nikafungua mlango. Ngazi hazikuonekana. Moshi mweusi ulikuwa umezijaza, unapanda.

Nikafunga mlango, nikakimbilia dirishani, nikaita moto, moto! Wallahi niliita mpaka koo likakwaruza. Kutoka ghorofa ya tano mtu akanijibu, Boga, leo ni Jumapili, tuache! Aliyewatoa ni Kimani. Alipanda ngazi ya chuma akigonga milango ya nyuma kwa ngumi, ghorofa baada ya ghorofa, akaita mara moja tu kila mlango. Yeye walimwamini, wakatoka. Nikasikia miguu mingi ikishuka kwenye chuma. Kisha nikasikia geti likitikiswa. Kisha nikasikia jina langu.

Ufunguo! Watu kumi na tisa wamebanana nyuma ya nondo, watoto mabegani, moshi unatoka dirishani kwa Morgan karibu na vichwa vyao. Wapita njia wanalipiga kufuli kwa jiwe kutoka nje, halisikii, maana lile kufuli nililichagua mwenyewe. Na ufunguo uko salama kabisa, kiunoni kwa mama mkwe, ghorofa ya nne.

Nilikimbia mpaka kwenye pazia. Hapo nikasimama. Sijui nieleze vipi. Miguu haikwenda. Nikapiga hodi.

Nikasikia makofi mawili. Maana yake yuko kwenye swala. Adhuhuri, rakaa nne, na kwa ajili ya magoti huswalia kitini. Nikangoja. Kiti kikalia. Rakaa ya pili. Chini wananiita. Kiti. Nilikuwa nalia, naona haya kuandika, nalia na nahesabu rakaa. Moshi ukaanza kupenya chini ya mlango wa mbele. Nikasikia akitoa salamu, kulia na kushoto. Hodi ya pili. Kimya. Hodi ya tatu. Kimya.

Na hodi tatu zisipojibiwa mtu hurudi. Ndivyo nilivyofunzwa chuo cha Kurani tangu mdogo.

Nikarudi. Nilirudi! Nilitoka mlango wa nyuma, nikasimama juu ya ngazi ya chuma, nikawatangazia watu wote kule chini kwamba mama hajajibu.

Sitazisahau zile nyuso. Mueni aliuliza, ufunguo uko kwa nani? Nikamwambia. Kimani hakungoja nimalize. Alipanda vidato vitatu vitatu, akanipita, akaingia. Hakupiga hodi hata moja. Nikamsikia mama akiuliza, "We nani?" Nikamsikia Kimani akisema, "Shosho, twende, nyumba inachomeka." Akatoka naye mgongoni, leso nyingine iliyoloweshwa maji imemfunika uso, magoti yake mawili yananing'inia. Na mimi, katikati ya moshi, nikageuka ukutani nikainamisha macho ili apite.

Fundo alilifungua mwenyewe, palepale mgongoni kwa Kimani, kwa vidole na meno. Lilikuwa limefungwa mara mbili. Kikatoka kitambulisho. Ikatoka karatasi ya kliniki. Ikatoka pete. Watu kumi na tisa wanakohoa na kutazama vidole vya mwanamke mzee. Mtoto mmoja alikuwa ameacha kulia na mamake anamtikisa. Ukatoka ufunguo.

Geti likafunguka, wakamwagika nje.

Zimamoto walikuja wakazima. Chumba cha Morgan kimekwisha, na ngazi za ghorofa mbili zimeungua. Wamesema mlango wa Morgan ulikuwa umefungwa na ndio uliouchelewesha moto. Mueni ana malengelenge mkononi. Yule mtoto amepelekwa hospitali, tumepigiwa simu, anapumua vizuri. Morgan amerudi kutoka kanisani na shati lake ndilo nguo pekee aliyobaki nayo.

Mmoja wa zimamoto alisema mngechelewa dakika tano zaidi. Hakumaliza. Nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Jumatatu, 17 Februari

Tumeruhusiwa kurudi ghorofa za juu kwa ngazi ya nyuma. Kuta zina masizi. Jalila amerudi na hina ya harusi mikononi na hajanisemesha tangu jana. Ameosha kuta zote mwenyewe. Nilishika kitambaa nimsaidie, akakichukua mkononi mwangu taratibu, akaendelea.

Mama akimsimulia Jalila, nami niko jikoni nasikiliza, nimejua kwa nini hodi zangu hazikujibiwa. Mama alinusa moshi. Akasema, huyo Boga ameanza tena makumbi yake. Akaamua avute tasbihi yake, asinijibu. Nimekaa sakafuni jikoni kwa muda mrefu.

Kimani amelikata kufuli, ametia komeo la ndani ambalo hata mtoto anaweza kulifungua. Hakuna aliyepiga kura. Mueni ameiondoa mitungi yote ngazini bila kuambiwa. Cheo changu hakikutajwa na mtu, hata kufutwa hakikufutwa.

Mama amempelekea Kimani biriani. Sahani kubwa, na kuku mapaja mawili. Mapaja mawili! Najua si wakati wa kuhesabu mapaja. Nimehesabu tu.

Jioni Kimani alikuja kunirudishia sufuria yangu. Akaniambia nisijilaumu sana, watu huganda, kazini ameona wanaume wazima wakiganda. Aliongea kwa upole. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Jumanne, 18 Februari

Mama ameniita. Nikaenda, hatua tatu nyuma ya pazia, macho chini. Shikamoo mama. Marahaba baba.

Akasema, "Boga baba, heshima yako naijua. Miaka tisa hujanivunjia hata siku moja, na mimi nakusifu mpaka Matuga. Lakini juzi ungeingia tu. Ningekufa hapa kitini na heshima yangu, ungemwambia nini mwanangu?"

Akasema yeye ni mama yangu, na mama hangoji hodi nyumba ikiungua. Akasema kuanzia leo nina kibali chake: moto ukija, maji yakija, nyoka akija, niingie, nimbebe, nimburute ikibidi, yeye radhi. Sauti yake ilikatika kidogo. Yangu ilikatika sana. Tulilia, yeye upande ule wa pazia na mimi upande huu. Kisha akauliza kama nimekula.

Jalila alikuwa mlangoni anasikiliza. Usiku wa leo samaki amerudi kwenye sahani yangu, kipande cha kichwa. Nimefurahi mno. Nimeapa sitakosea tena.

Alhamisi, 20 Februari

Nimelifikiria jambo hili siku mbili na nimegundua hatari. Kibali cha mama ni cha mdomo! Siku nikiingia chumbani kwake na kumbeba, wajomba wanne watauliza ni nani aliyeniruhusu. Na yule mtu wa Kinango? Nitaonyesha nini?

Mimi ni karani. Nimetengeneza fomu.

Fomu ya Ruhusa ya Kuingia Chumbani kwa Mama Mkwe Wakati wa Dharura. Ukurasa mmoja tu, mbele na nyuma. Jina la mkwe. Aina ya dharura, weka alama: moto, maji, nyoka, mengineyo. Saa moto ulipoanza. Sababu za kutosubiri. Kidole gumba cha mama, chini ya pazia. Mashahidi wawili wasio wa ukoo, na namba zao za simu. Haiwezi kujazwa mapema, kwa sababu saa ya moto haijulikani, kwa hiyo itajazwa siku yenyewe, kabla ya kuingia. Hapo hakuna wa kunilaumu.

Leo nimeijaribu na saa mkononi. Dakika kumi na moja, kama mashahidi hawako mbali. Tukizoea zitapungua.

Jalila aliisoma yote, mbele na nyuma, akaikunja vizuri, akaenda kukaa kwa Mueni. Nilimwomba Kimani awe shahidi wa kwanza. Akauliza likizo yangu inaisha lini.

Nimechapisha nakala tatu. Nimezifungia kabatini, zisije zikaungua.